Moshi Uliogeuka Nyuma

Asubuhi za Janine Ormerod zilianza kwa kelele. Alitafuta funguo za gari huku zimo mfukoni, alimimina chai kwenye chupa na nyingine mezani, kisha akamfokea paka aliyelala juu ya koti lake la kazi. Janine alikuwa fundi gesi mjini Burnley, Uingereza. Tangu aache kazi ya kampuni alikuwa bosi wake mwenyewe, na kwa maelezo yake, maana yake ni kwamba mambo yakiharibika hakuna mwingine wa kulaumu. Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo binti yake Tilda, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akifuatana naye kazini.

"Leo usinitie aibu," Janine alisema wakiwa njiani. "Bwana Duxbury ametupa nyumba hizi kutujaribu. Akiridhika, anatupa zote anazosimamia. Zote, Tilda! Baridi yote hii sitahangaika kutafuta kazi."

Bwana Duxbury alikuwa dalali wa nyumba. Wenye nyumba walimwachia shughuli zote za wapangaji, na sheria ilitaka vifaa vya gesi katika kila nyumba ya kupanga vikaguliwe kila mwaka. Dalali huyu alikuwa mtu wa haraka. Simu ililia kabla hawajashuka garini.

"Dada Janine, umeshamaliza?"

"Bwana Duxbury, ndiyo kwanza naegesha gari."

"Basi egesha upesi, dada yangu."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Walmsley, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa hasikii vizuri. Televisheni yake ilikuwa inaonyesha mbio za farasi kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Sebuleni kulikuwa na meko ya zamani iliyowekwa moto wa gesi wa kuota, na moshi wake ulipanda nje kwa dohani, njia ya moshi inayopita ukutani hadi juu ya paa.

Tilda alikuwa anaingoja sehemu moja tu ya ukaguzi. Mama yake alikuwa na vijiti vidogo vinavyotoa moshi mweupe. Aliwasha kimoja, akakisogeza juu ya moto, na moshi ukaonyesha njia ambayo hewa inapita. Hewa haionekani, lakini hapo mtu aliiona kwa macho yake! Tilda alikuwa ameshaona jambo hilo nyumba nyingi, na kila mara lilimwacha mdomo wazi.

"Funga madirisha yote," mama yake alimpigia kelele kushinda farasi. "Mlango wa jikoni uache wazi. Halafu washa feni ya jikoni, ile inayotoa hewa nje. Washa mpaka mwisho!"

Tilda alifunga madirisha, akaingia jikoni. Kamba ya feni ilikuwa inaning'inia juu ya jiko, imeganda mafuta ya miaka mingi, na nywele za paka zimenasa humo. Tilda alikunja pua. Mezani palikuwa na sinia ya keki ya tangawizi, na Mzee Walmsley alikuwa amemfuata nyuma.

"Kula, kipenzi. Mimi hamu sina. Tangu baridi ianze kichwa kinanigonga, na nikishakaanga samaki wangu wa mchana nikakaa kwenye moto, ndiyo basi kabisa. Uzee huu!"

Tilda alichukua kipande cha keki. Akaiangalia tena ile kamba. Feni ya jikoni na moto wa sebuleni vina uhusiano gani? Alijiambia kwamba havina.

"Tilda! Feni umewasha?"

"Ndiyo, Mama!" alijibu, keki imemjaa mdomoni.

Alikimbilia sebuleni asije akakosa. Moshi ulitoka kwenye kijiti, ukasitasita kidogo, kisha ukavutwa taratibu ndani ya meko na kupotea juu. Janine aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamtumia dalali cheti kwa simu. Mzee Walmsley aliwafungia keki kwenye karatasi wakale njiani.

Mchana waliegesha gari kando ya mfereji wakala pai za nyama. Janine alikuwa na furaha, anaimba vibaya. Tilda, kwa kutaka tu kuongea, aliuliza, "Mama, kwani feni tunaiwasha ya nini?"

"Swali zuri. Nyumba inapumua, unajua? Moto unatumia hewa, na uchafu wake unapandia dohani. Lakini feni nayo inavuta hewa kuitoa nje, na ina nguvu. Dohani ikiwa imeziba kidogo tu, feni inaishinda. Inavuta moshi wa moto kuurudisha ndani, na huo una sumu. Haina rangi, haina harufu. Mtu kichwa kinamuuma, anadhani ni uzee au mafua, anakaa karibu na moto apate nafuu. Siku moja anasinzia pale pale, na haamki."

Tilda aliisikia tena sauti ya yule mzee: nikishakaanga samaki wangu, ndiyo basi kabisa. Akasema moyoni, nyumba zote za Bwana Duxbury zitapotea na Mama atanichukia. Tena akasema, lakini mzee yule ni saa yake ya kukaanga samaki sasa hivi.

"Mama," alisema, na machozi yakatangulia maneno. "Sikuiwasha. Ile feni. Kamba ilikuwa chafu, nikakudanganya. Na mzee aliniambia kichwa kinamuuma."

Janine alimpigia simu Mzee Walmsley. Ikaita mpaka ikakatika. Aliiweka pai juu ya dashibodi na kuwasha gari.

Walipofika, kitu cha kwanza Tilda alichosikia ni mngurumo ukutani. Feni ya jikoni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, inapuliza harufu ya samaki nje. Kupitia dirishani walimwona mzee kitini mbele ya moto, kidevu kifuani, sahani imemlalia mapajani. Janine aligonga kioo kwa ngumi. Mzee hakujitikisa.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Janine alijifunika pua kwa koti, akaingia, akazima gesi, akafungua dirisha, akamvuta mzee chini ya makwapa hadi nje. Tilda alishika simu na kuita gari la wagonjwa, akitaja mtaa na namba ya nyumba bila kukosea, ingawa meno yalikuwa yanagongana. Baridi ya barabarani ndiyo iliyomwamsha mzee. Alifungua jicho moja.

"Samaki wangu yuko wapi?" aliuliza.

Tilda alilia kwa sauti kwa furaha.

Wauguzi walimvalisha kinyago cha hewa safi, wakasema amewahiwa. Walikuwa wanampakia garini Bwana Duxbury, aliyepigiwa simu na Janine, alipofika, tai imegeukia mgongoni.

"Janine, cheti si umenitumia asubuhi? Nyumba nne zinakusubiri! Mwenye nyumba nitamwambia nini mimi?"

"Nimekifuta. Ngoja nyumba iingie hewa, nikuonyeshe kwa nini."

Hewa ilipokuwa safi, Janine aliwasha moto kwa muda mfupi tu na kumwambia binti yake, "Feni." Safari hii Tilda aliishika ile kamba yenye mafuta na kuivuta. Feni ikanguruma. Kijiti kikawashwa. Moshi ulielekea kwenye meko kama asubuhi, ukasimama, kisha ukageuka. Ulishuka polepole, ukauzunguka mkono wa Janine, ukaja chumbani kuwafuata. Bwana Duxbury alirudi nyuma hatua moja. Tilda alihisi nywele zikimsimama, kwa kuwa aliijua njia ambayo moshi ule ulikuwa ukipita kimya kimya kila siku, na hakuna aliyeuona. Janine alizima gesi na kubandika karatasi nyekundu ya onyo.

"Zilizobaki utamaliza kesho," dalali alisema mwishowe, sauti imemshuka. "Zikague hivi hivi." Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kesho, Janine. Siyo keshokutwa."

Msafisha dohani alipokuja jioni ile alishusha kiota cha kunguru: vijiti, sufu ya kondoo, soksi ya mtoto, magunia kwa magunia. Ndege walikuwa wamejenga humo mwaka baada ya mwaka, na Tilda alisimama akiyatazama magunia yale kwa mshangao mkubwa.

"Umenikasirikia?" alimuuliza mama yake.

"Ndiyo, na itanichukua muda. Nimejikasirikia na mimi, maana ilikuwa kazi yangu kwenda kuangalia, nikajali haraka za Duxbury. Lakini sikia, Tilda. Neno lako moja la uongo liliingia kwenye cheti changu, na mzee akakaa kwenye moto akiamini yuko salama. Na neno lako moja la kweli ndilo lililomtoa. Ulijua tunaweza kukosa kazi, ukasema. Hilo sitalisahau."

Kesho yake, katika nyumba iliyofuata, Janine alipaza sauti kutoka sebuleni, "Tilda! Feni umewasha?"

Sauti ikajibu kutoka jikoni.

"Nimewasha, Mama. Njoo uweke mkono mwenyewe, usikie inavyovuta."

Janine akaweka vijiti chini, akaenda.