Chupa ya Chai ya Stesheni Masta

"Chai imechemka."

Sauti ya Mkuu wa idara ya usalama ilitoka kwenye redio ya Motorola moja kwa moja hadi sikioni mwa Sindano. Maana yake mzigo ulikuwa njiani.

Alikaa kwenye benchi la stesheni iliyofungwa, bastola ya Glock kiunoni chini ya shati, akimtazama mjomba wake akisugua kengele. Mzee alivaa sare yake ya zamani ya stesheni masta, imenyooshwa kwa pasi mpaka kola.

Sindano aliona aibu.

Tangu Jumatatu alikuwa mgeni wa mzee huyu, aliyemlea na kumsomesha. Alikuja na zawadi, chupa ya chai ya maana. Kwenye kitako chake mafundi wa idara walificha kinasa sauti kidogo kuliko kifungo, kinachorusha kila neno hadi kwa Mkuu. Mjomba aliipenda mno, akatembea nayo kila mahali, hata kwenye mazungumzo yake na mtu aliyejiita Injinia.

Amri ilikuwa fupi. Wote watakaokutwa stesheni wakamatwe, bila kubagua.

Reli hii zamani ilibeba pamba na shaba, baadaye abiria na mabehewa yao ya usingizi. Kisha malori yakaingia barabarani, na stesheni zikaanza kufungwa, ndogo kwanza. Mjomba alizijua zote kwa mpangilio. Ya kwake ilifungwa mwisho, lakini yeye hakuhama. Kila treni ya abiria ilipopita bila kusimama, alitoka na bendera yake ya kijani.

Ndipo akatokea Injinia, na kofia yake ya plastiki. Stesheni itafunguliwa, alisema, ila kwanza kuna treni za majaribio, na ni siri. Mzee akapaka rangi dirisha la tiketi. Mkewe akashona bendera mpya.

Behewa la leo liliandikwa saruji. Chini ya saruji kulikuwa na bunduki, za wageni waliotaka kuipindua serikali. Sindano alijua. Angeweza kumnong'oneza mzee wakati wowote, lakini mzigo ulitakiwa ukamatwe ukiwa juu ya reli. Alikula chakula cha mjomba akanyamaza.

Honi ililia.

Kichwa cha treni kiliingia njia ya kando kikivuta behewa moja. Land Cruiser ikasimama ng'ambo. Injinia akashuka, akavuka, akakanyaga reli.

Sindano alishtuka. Mtu wa reli hakanyagi reli, huiruka. Alifundishwa hilo utotoni kwa kuvutwa sikio.

Alimtazama mjomba. Mzee alikuwa ameona. Aligeuka akaendelea kusugua kengele iliyokwisha kung'aa.

Injinia aliagiza njia iachwe wazi, wapakue na kuondoka chapuchapu.

"Haiwezekani," mzee alisema. "Treni ya abiria inakuja. Njia kuu ni ya abiria."

Akasukuma wenzo wa kubadili njia, kichwa kisiweze kutoka njia ya kando, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Injinia akachomoa bastola.

"Fungua, mzee."

"Mimina," Sindano aliiambia redio, na papo hapo akafyatua.

Risasi moja. Bastola ya Injinia ikaruka. Makomandoo wakamiminika kutoka ghalani. Dereva wa treni akajaribu kurudi nyuma, lakini njia ilikuwa imefungwa. Magurudumu yakatoka relini yakazama kwenye kokoto, kando ya njia kuu. Akashuka mikono juu.

Treni ya abiria ikapita kwa kasi. Kati ya watu waliolazwa kifudifudi, mzee alisimama wima na bendera yake ya kijani.

Halafu akaikunja.

"Kwa hiyo haifunguliwi."

"Haifunguliwi, mjomba."

"Siku ya kwanza tu niliona anakanyaga reli. Nikajiambia labda mainjinia wa siku hizi wanasomea darasani." Akajifuta uso. "Na wewe ulijua."

"Nilijua kabla sijaja. Hata hiyo chupa..." Akakionyesha kitako chake kwa kidole. "Chupa inasikiliza, mjomba."

Komandoo mmoja alikuja na pingu. Sindano akainua mkono kumzuia, ingawa hakuwa na ruhusa hiyo.

Mzee aliigeuza chupa, akakitazama kitako chake. Kisha akaiinua mdomoni kama mkonga wa simu ya stesheni.

"Stesheni masta anazungumza. Mzigo umekamatwa. Njia kuu salama, treni ya abiria imepita. Na niliona yule mtu anakanyaga reli, nikanyamaza kwa tamaa ya stesheni yangu. Andikeni na hilo."

Sindano akachomoa waya wa sikio, redio isikike kwa wote.

"Tumepokea, stesheni masta," Mkuu alisema. "Baki kwenye kituo chako."

Pingu zikarudi mfukoni. Mzee akanyoosha kola ya sare yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita hivyo kutoka makao makuu.

Akamwaga chai iliyobaki, akafunga kifuniko, akamkabidhi mpwa wake chupa.

"Nenda nayo. Nyumbani tunayo ya zamani."

Hakutoa mkono.

Sindano akaondoka taratibu, miwani myeusi usoni, chupa kwapani. Makomandoo walimpisha, wakisema jamaa hana moyo. Alipofika kwenye reli aliiruka, na hakugeuka kutazama kama mjomba ameona.