Baba Hakupinga

Kila asubuhi Marla alisubiri basi la shule njiapanda, peke yake. Brenna, rafiki yake tangu chekechea, siku hizi alisimama ng'ambo ya barabara, amempa mgongo.

Yote yalianza majira ya kuchoma malisho. Kule Kansas wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili mpya ziote, lakini kwanza huwapigia majirani simu wahamishe mifugo. Baba alimwagiza Marla awapigie akina Brenna. Marla, macho kwenye mchezo wake, aliitikia "Ndiyo, baba," kisha akasahau. Upepo ukageuka. Moto ukateketeza zizi la jirani pamoja na Biskuti, ndama wa Brenna.

Baba akashtakiwa kwa uzembe. Hakimu alipomuuliza, alijibu, "Sipingi shtaka." Akatiwa hatiani, akapewa saa sitini za kazi ya jamii.

"Baba yangu hakukiri," Marla alimwambia Brenna ndani ya basi.

"Kumbe! Basi Biskuti alijichoma mwenyewe?"

Wenzao wakaangua kicheko. Marla akaenda kukaa kiti cha nyuma. Hakuwahi kujiona mpweke namna ile.

Jioni alimuuliza baba yake, "Kutopinga maana yake nini?"

"Ni kusema sikiri wala sibishi. Adhabu ni ileile ya aliyekiri. Ila akina Brenna wakinidai fidia, hawawezi kusema nilikiri. Wakili ndiye aliyenishauri."

"Lakini baba... mimi sikupiga simu."

"Najua, mwanangu."

"Mbona hukunitaja?"

"Kiberiti nilikiwasha mimi, bila kuhakikisha kama wamepigiwa simu."

Marla alilia sana. Kisha akavaa koti, akakatiza malisho hadi kwa akina Brenna. Mlango ulifunguliwa na Bi Ruth Ostrander, mama yake Brenna.

"Nilitumwa kuwapigia simu, sikupiga," Marla alisema. "Naomba radhi."

Nyuma yake akasikia sauti ya baba yake, aliyemfuata kimya kimya. "Na moto niliuwasha mimi, Ruth. Kosa ni langu. Nisamehe."

"Wee! Wakili wako akisikia umekiri, atakumeza mzima."

"Na animeze."

Bi Ostrander alicheka, huku machozi yakimlengalenga. "Mahakamani sheria inakuruhusu usikiri wala usikane, na hukuvunja sheria kujibu vile. Lakini kwa jirani, kosa hukiriwa kwa kinywa. Tumelisubiri neno hilo wiki sita."

Brenna alijitokeza nyuma ya mama yake.

"Ingia," akasema. "Ila vua viatu, vina matope."