Kiti cha Nderitu

Nimebadilisha gesi za viti katika nusu ya ofisi za Eldoret, na sijawahi kushindwa na kiti. Kwa hivyo Ijumaa ile jioni nilipoingia Kimumu na begi langu la vyuma, nilihesabu ni kazi ya dakika ishirini, halafu niende nyumbani nikanywe chai.

Kiti chenyewe alikikalia mke wangu. Jepkosgei alikuwa amepata kazi ya karani katika stoo ya mahindi baada ya kuitafuta miaka miwili. Lakini kila akikaa, kiti kilishuka mpaka kidevu kikakaribia meza. Wiki tatu tu, na mgongo ulimuuma hata kuinama afunge kiatu hawezi. Aliniambia kiti kisipotengenezwa kufikia Jumatatu, anaacha kazi.

Mwenye stoo, Mama Wacera, ndiye aliyenifungulia.

"Hiyo kiti ilikuwa ya Nderitu, karani wetu wa zamani," akasema. "Ameikalia miaka kumi na moja, akinusa ugoro wake. Akafia hapo hapo."

"Na hamkuitupa?"

"Fundi, kiti ya ngozi utatupa?"

Akaenda nyuma kufunga magunia.

Nikakipindua. Gesi ni ile nguzo ya chuma inayobeba kiti na kukipandisha. Ya zamani ilikuwa imeshikwa na kutu, nikaigonga kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaweka mpya. Nikakisimamisha, nikakaa kidogo ili nguzo iingie sawasawa, nikainuka.

Fsssss...

Kiti kikashuka. Hakuna mtu juu yake.

Nikatukana. Nikawaza wenye duka wameniuzia takataka. Huwa natembea na gesi mbili, basi nikagonga upya, jasho likinitiririka, dirisha likianza kuwa jeusi. Nikaweka ya pili.

Fsssss...

Jamani, nilikasirika. Nikajitupa juu ya kile kiti nione mwisho wake.

Harufu ya ugoro ikanijia.

Halafu mtu akanikalia mapajani.

Sikumwona. Lakini uzito niliuhisi, na baridi yake ikapenya suruali. Tukashuka pamoja mpaka chini kabisa. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Hasira hasara, nalijua hilo, lakini badala ya kuomba nikasema lile neno ambalo sisi mafundi humwambia kila anayetusumbua.

"Mimi ni fundi tu. Shida ya hii kiti malizana na mwenyewe."

Pumzi ikanijia sikioni.

"Nani?"

"Jepkosgei," nikajibu.

Uzito ukaondoka. Kiti kikapanda chenyewe, polepole, mpaka juu, kikatulia.

Nilikuwa nimeshatoka mbio hadi barabarani ndipo nikamkumbuka kogo, nyanya yangu. Alitukataza tangu utotoni: mfu akikuuliza habari za mtu, usimtajie jina la aliye hai. Ukilitaja, umemkabidhi. Nilijilaani njia nzima. Nyumbani nikamwambia Jepkosgei kiti kimepona, basi. Hayo mengine niliyaogopa, na pia niliona aibu.

Jumatatu akakaa. Kiti hakikushuka hata kidogo, na jioni alinishukuru.

Jumatano tukaenda kliniki kwa sababu jana yake, kwenye maombi ya jioni, alishindwa kupanda ngazi za kanisa. Nesi akampandisha kwenye mizani. Mke wangu ni mwembamba, kilo hamsini na nne. Mizani ikasoma mia moja ishirini na sita. Nesi akaguna, akaleta nyingine. Ikasoma vilevile.

Jepkosgei hata hakuitazama. Alinitazama mimi, mgongo umepinda, akasema kwa sauti ya chini nesi asisikie:

"Kipkoech, kuna mtu ananiita sikioni. Ni nani ulimwambia jina langu?"