Kamba ya Nne

Mgeni hakubisha. Aliruka ukuta akatua juu ya ndoo ya rangi, bastola ya Beretta mkononi.

"Geti halina kufuli, dada," fundi bomba, mwenye nyumba, alisema bila kuinuka. "Ungesukuma tu."

Kazini walimwita mgeni huyo Sindano. Jina lake halisi lilikuwa limefungiwa makao makuu, na miaka ilikuwa imepita bila mtu kuliita.

Alieleza upesi. Lori la mkate lilikuwa linaelekea darajani, limejaa dawa bandia za watoto. Wenye lori walikuwa wamekata nyaya za mnara wa simu, na bonde zima lilikuwa bubu. Redio yake ya mkononi, Motorola, haikuvuka kilima. Lori likivuka daraja, hakuna atakayeliona tena.

"Chombo chako hicho kinavuka?"

Alikuwa akitazama mlingoti uliolazwa uani. Mabomba matatu ya maji yaliyochomekana. Chini, bawaba ya geti. Juu, waya wa antena. Kamba nne za kuanikia nguo ziliushikilia kila upande, na winchi kuukuu ya gari iliuinua na kuulaza.

Fundi alisema aliuunda uinuliwe na mtu mmoja.

"Kwa nini mmoja?"

"Wa pili hayupo."

Sindano alilijua jibu hilo.

Fundi alikuwa na sharti. Mdogo wake alilinda kituo cha hali ya hewa, kisiwani, peke yake. Waliongea mara moja kwa wiki, jua likizama, na siku yenyewe ilikuwa leo. Asiposikia sauti ya kaka yake hatalala.

"Jua likizama utaongea naye," Sindano alisema. "Nakuahidi."

Winchi ikazunguka. Mlingoti ukanyanyuka taratibu, ukasimama. Fundi akawasha redio yake chumbani, akampa kipaza sauti dirishani.

"Uzi, Uzi, hapa Sindano."

"Uzi anakusikia," makao makuu yakajibu.

"Lori la mkate, rangi ya bluu..."

Geti likapasuka. Pikipiki iliingia kwa kasi, mpanda wake, mtu wa wenye lori, bastola mbele, macho juu kwenye antena. Kamba hakuiona. Ilimnasa kifuani. Pikipiki ikaendelea bila yeye.

Kamba ikakatika. Mlingoti ukainama, redio ikaanza kukoroma. Fundi akaidaka kamba kwa mikono miwili, akairudisha nyuma kwa uzito wote aliokuwa nao.

"Maliza, dada."

"Fungeni daraja. Sasa."

Mkoromo. Kisha: "Limefungwa."

Sindano alimfunga mpanda pikipiki kwa kamba ya akiba ya fundi. Haukupita muda, Uzi akarudi hewani. Lori limekamatwa. Polisi wanakuja kumchukua mateka; Sindano wasimkute hapo. Gari lake liko njia panda, jua likizama linaondoka.

Fundi alimwambia aende. Kamba iliyobaki ilikuwa fupi, haikufikia kigingi. Yeye hawezi kuishika nje na kuongea ndani.

"Labda tuazime kamba kwa yule aliyefungwa," alisema, akajaribu kucheka. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. "Mdogo wangu nitamwomba radhi wiki ijayo."

Sindano alitazama barabara.

Akachomeka bastola kiunoni, akaichukua kamba.

"Ingia ndani, kaka."

Jua likazama. Mbali, gari liliwaka, likaondoka. Kamba ya nailoni ilimkata vidole. Dirishani sauti mbili ziliongea habari za upepo, za paa linalovuja, za soksi zilizotoboka. Hakuna aliyekuwa na haraka.

"Kaka, leo unasikika vizuri," ilisema sauti ya kisiwani. "Uko peke yako?"

Fundi aligeuka, akatazama uani.

"Leo hapana."

Sindano alishikilia mpaka wakaagana, mpaka winchi ikaulaza mlingoti chini. Taa za polisi zilikuwa zimeshafika kona. Alifuta damu kwenye suruali, akaruka ukuta, akaanza safari kwa miguu.