Nanga ya Ijumaa, Saa Nane

Droo ya chini ya meza ya karani ilianza kuvuja Jumatatu. Maji ya chumvi, tena yenye tope, na ofisi iko ghorofa ya tatu. Karani akalaumu bomba, akaagiza chai.

Kazi yake pale bandarini ilikuwa kupokea barua za wanaopinga mipango. Wakubwa walipotaka meli za mizigo zitie nanga kwenye miamba ya wavuvi, shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, alimletea barua yenye alama sitini za dole gumba. Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye droo ya chini, akaandika kwenye faili: Hakuna pingamizi lililopokelewa. Alikuwa anangojea cheo, bwana mkubwa. Mwezi haukuisha, nanga ikashukia nyavu za shemeji, naye akazama nazo. Mwili haukupatikana. Msibani karani alilia kuliko wote, mnafiki yule.

Jumanne alikuta drooni tangazo lililolowa, linanuka samaki aliyeoza. "Meli itatia nanga Ijumaa, saa nane mchana. Mahali: chumba cha kulala cha karani. Mwenye pingamizi aandike." Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Jumatano mnyororo ulisikika ukiburutwa juu ya bati la nyumba yake. Alhamisi mkewe akaleta mganga, mama mmoja asiye na maneno mengi. Alinusa godoro, akarudi kusimama mlangoni.

"Jini wa miamba," alinong'ona. "Mmemvunjia nyumba."

"Mfukuze, mama," karani akasihi.

"Aende wapi? Kwake kuna meli." Akamtazama karani. "Ile barua uliyoificha, mpe mkubwa wako mkononi. Sema uliificha. Jini ataondoka."

"Nitapoteza kazi."

"Barua gani?" mkewe akauliza polepole. "Ya kaka yangu?"

Mkewe akafunga nguo zake, akaondoka na mganga.

Ijumaa asubuhi karani aliitoa barua, akafika nayo hadi mlango wa mkubwa. Ndani watu walikuwa wanacheka, na hakubisha hodi. Akarudi mezani, akajiona mjanja: akaandika pingamizi lake mwenyewe, akaligonga muhuri na, kwa mazoea ya miaka, akalitia pamoja na ile barua kwenye droo ya chini.

Hakuwa amelala siku tatu. Akaenda nyumbani, akajilaza, jua linawaka dirishani, na usingizi ulipoanza kumchukua akahisi mto umelowa, akapapasa, akatoa chini yake karatasi yenye mwandiko wake uleule, Hakuna pingamizi lililopokelewa, akataka kuinuka lakini shuka lilikuwa limemkaza kama wavu, na juu ya bati mnyororo ukaanza kufunguka, pingili baada ya pingili, ukishuka, ukishuka, na saa ya ukutani ikagonga saa nane.

Majirani walikuta bati zima, dari nzima. Kitanda kilikuwa kimepasuliwa katikati, na kwenye sakafu shimo lenye maji ya chumvi ambalo kamba yao haikufika mwisho wake. Pembeni ilikuwapo barua ya alama sitini, kavu kabisa.

Mkewe aliichukua, akaiweka mwenyewe juu ya meza ya mkubwa, ambayo nayo droo yake ilikuwa imeanza kudondosha maji. Meli zilihamishwa Jumatatu.

Polisi walimuuliza kama anapinga kusitisha msako wa mumewe.

"Sina pingamizi," alisema.