Mtu wa Pili Kutoka Kushoto

Mtu wa pili kutoka kushoto alikuwa amekatwa.

Picha yenyewe ilikuwa bado imetundikwa katika ukumbi wa parokia, mjini Mbinga. Wavuvi wanne walikuwa wanavuta wavu ufukweni. Mahali pa wa tano palikuwa na tundu lenye umbo la mtu, na ndani ya tundu ulionekana ukuta uliopakwa chokaa.

Inspekta Meinrad Kapinga aliitazama, kisha akageuka. Nyuma yake watu walikuwa wanasema wote kwa pamoja.

Aliyesema zaidi ni Mwalimu Cuthbert, mwenyekiti wa maonyesho. Alirudia kueleza kwamba jana yake majaji waliichagua picha hiyo kuwa ya kwanza mwaka huu. Kampuni moja ya kahawa, kati ya hizi za watu binafsi zilizoingia baada ya soko kufunguliwa, ingeichukua picha iliyoshinda, na kwa malipo yake shule za msingi zingepata rangi, brashi na karatasi za kuchorea. Mkuu wa Wilaya alikuwa njiani kuja kukata utepe. Aliomba mhalifu apatikane kabla mgeni hajafika.

"Mwalimu, hayo umeshaniambia," Kapinga alisema. "Nani aliingia humu asubuhi?"

"Wote."

"Wote ni akina nani?"

"Washiriki, Afande. Walikuwa wanapanga kazi zao."

Kapinga alishusha pumzi. Gari la kituo lilikuwa bovu. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa Songea. Na eneo la tukio lilikuwa limefagiliwa vizuri kabisa kwa heshima ya mgeni rasmi.

Akaanza mahojiano, na kila aliyehojiwa alizidi kumchosha. Jaji mmoja alisema ni wivu. Mwingine alisema ni chuki ya watu wa milimani kwa watu wa ziwani, akaieleza chuki hiyo tangu enzi za Wajerumani. Meneja wa kampuni alisema yeye tangu mwanzo aliitaka picha nyingine ya mchoraji huyohuyo, ya mibuni, ila hakuna aliyemsikiliza. Wote walimtaja Vitalis, mchonga vinyago aliyeshika nafasi ya pili.

Vitalis aliletwa akiwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Hapo nje, napiga msasa. Watu waliniona."

"Una wembe?"

"Nina patasi, Afande. Na ningekuwa na hasira ningeiharibu picha nzima. Nimkate mtu mmoja ili iweje?"

Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana siku hiyo. Kapinga akamwacha aende, akairudia picha. Pembeni mwa fremu palikuwa na doa la zambarau, na ndani ya doa mistari ya dole gumba. Wote walikuwa wameliona, wote wakadhani ni rangi ya mchoraji.

Akamwita mchoraji, kijana mmoja aitwaye Damiano, mwalimu wa kuchora. Damiano alisema hana rangi ya zambarau, na rangi zake zote ni za mafuta. Kapinga akalowesha pamba kwa maji, akagusa ukingo wa doa, mbali na ile mistari. Pamba ikageuka zambarau.

"Rangi ya mafuta haitoki kwa maji," alisema. "Hii ni rangi ya kutia ukindu. Nani analeta mikeka hapa?"

Walikuwa naye mmoja tu. Mikeka yake ilikuwa imetandikwa kwenye kona, yeye mwenyewe hayupo. Mwalimu Cuthbert alieleza kwamba mama huyo, Lidia wa Kihagara, alipanda lori la kurudi ziwani asubuhi ileile bila kuaga. Yeye Cuthbert alikasirika sana, lakini hakuona kama hilo linawahusu polisi.

Kapinga alifumba macho kidogo.

"Damiano, picha hii uliichorea wapi?"

"Kihagara, Afande. Mwaka jana."

"Na huyu aliyekatwa, ni nani?"

"Mvuvi tu. Sikumuuliza jina."

Kapinga akawatazama mmoja mmoja: mwenyekiti, majaji, meneja. Tangu asubuhi walikuwa wanagombana juu ya picha, na hakuna aliyeuliza yule mtu ni nani.

Aliazima gari la kampuni, meneja akinung'unika, akamchukua Damiano wakateremka milima hadi ziwani.

Lidia alikuwa uani kwake, anaanua dagaa wa usipa. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Alipoliona gari aliweka ungo chini, akamwamkia Inspekta, akawaletea viti. Kapinga alimweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema laweza kutumika mahakamani.

"Nimekata mimi," Lidia alisema. "Kwa wembe wa kukatia ukindu."

"Kwa nini?"

"Ni mume wangu. Urbani. Mtumbwi ulipinduka wakati wa masika, wenzake wakaokolewa. Yeye tulimtafuta mpaka Chiwanda huko, hakuonekana." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Nimeingia ukumbini na mikeka yangu kichwani, namkuta ananitazama. Wakasema anakwenda kutundikwa ofisini kwa watu wa kahawa."

"Ungemwomba Mwalimu Cuthbert."

"Niliomba, Afande. Aliniambia nisiguse picha."

Kapinga aliuliza kile kipande kiko wapi.

Lidia aliwapeleka makaburini. Palikuwa na tuta jipya, fupi, lenye msalaba wa miti.

"Siku ya Marehemu Wote kila mtu anakwenda kupalilia kaburi la mtu wake," alisema. "Mimi nabaki nimeshika jembe, sijui pa kwenda. Kama ni kosa, nifunge. Ila kuchimba utachimba wewe. Mimi nimeshamzika."

Mume wa watu, kaburi lisilo na maiti, na kielelezo cha polisi futi chache chini ya ardhi. Katika miaka yake yote ya kazi Kapinga hakuwahi kufundishwa la kufanya na kitu kama hicho.

"Mlalamikaji ni wewe," alimwambia Damiano kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Sema."

Damiano alisema hana malalamiko. Kampuni ichukue picha yake ya mibuni, maana ndiyo waliyoitaka, na watoto wapate rangi zao. Kapinga alimwambia aje kuandika hivyo kituoni na kutia saini, na Mwalimu Cuthbert aje pia, apende asipende. Kisha akaanza kurudi garini.

Lidia hakuondoka. Alimshika Damiano mkono.

"Mwanangu, siku ile ulipomchora alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka nini?"

Damiano alifikiri.

"Wenzake walikuwa wanaimba wakivuta," alisema. "Yeye alikosea maneno."

"Kila siku alikosea," Lidia alisema, akakaa chini kando ya tuta.

Kapinga alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Aliufunga tena polepole, akangoja.