Fungu Lisilo na Msemaji

Kila Jumapili alasiri, fundi cherehani alifunga mlango wa duka lake akampigia simu mumewe. Mume alikuwa mpima damu katika zahanati ya mpakani, safari ya siku mbili kwa basi. Alipelekwa huko kwa muda mfupi. Muda mfupi wa serikali ulikuwa umefika mwaka wa nne.

"Chukua kamba ujipime kifua," fundi alimwambia. "Nakukatia shati."

"Si unavyo vipimo vyangu?"

"Vile ni vya mwanamume aliyekuwa anakula kwangu."

Mume akacheka. Akajipima, akasoma urefu wa kamba kwenye rula. Fundi akaandika, akalinganisha na vipimo vya zamani. Kifua kilikuwa kimepungua inchi mbili.

"Umejipima vibaya," alisema.

"Nimepima mara mbili, mama watoto."

Mume alikuwa ameandika barua sita za kuomba uhamisho. Jibu lilikuwa lilelile: fungu la uhamisho halina fedha, subiri bajeti. Basi wakasubiri. Kila mwaka, siku ya bajeti, fundi alisimamisha cherehani, akafungua redio, akamsikiliza waziri tangu salamu hadi makofi. Mwaka wa kwanza uhamisho haukutajwa. Wa pili haukutajwa. Wa tatu vilitajwa viti vipya vya maofisini. Wakubwa husahau upesi. Anayelala upande mmoja wa kitanda hasahau.

Asubuhi moja Bibi Taipu alileta sketi ipunguzwe kiuno. Huyu alikuwa mstaafu wa miezi michache. Kwa miaka ishirini na miwili alichapa kumbukumbu za vikao vya bunge na kamati zake, neno kwa neno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Shati la nani hilo limetundikwa?"

"La mume wangu. Nasubiri bajeti isomwe. Huenda safari hii wakamrudisha."

Bibi Taipu akavua miwani. "Siku ya kusomwa, chungu kimeshaepuliwa. Wewe unakwenda kutia chumvi kwenye sahani za watu."

"Kwani kinapikwa lini?"

"Miezi miwili kabla, kwenye kamati ya bajeti. Hapo ndipo wanapovutana. Upande huu unataka kodi ya mafuta ishuke. Upande ule unasema barabara zao zisiguswe. Sasa kodi ikishuka, mapato yanapungua. Matumizi yakizidi mapato, nchi inakopa, na mkopo una riba. Mizani lazima ikae sawa. Basi wanatafuta cha kukata. Unajua wanakata nini?"

"Cha wanyonge."

"Kisicho na mtu wa kukisemea. Mwaka jana wenye barabara walikuwepo ukumbini. Wauza viti walikuwepo, tena mstari wa mbele. Mwenyekiti akauliza, 'Uhamisho, nani anasema?' Nikachapa: kimya."

Fundi aliweka mkasi mezani polepole. "Miaka yangu yote hii imekatwa kwa neno moja?"

"Halikujaza hata mstari."

"Basi mwaka huu nitakwenda nikalie mbele yao."

"Machozi hayana fungu. Sheria inawataka wapokee maoni ya wananchi kabla hawajakubaliana. Andikeni. Tajeni fungu lenyewe, mnachotaka, na pesa zitoke wapi. Ukisema nipeni tu, watakujibu hazipo, na hapo wamekumaliza."

Jioni ileile fundi alimpigia mumewe. Wakapata wenzao kumi na mmoja, wake kwa waume, ambao wenzi wao walisahaulika vituo vya mbali. Mmoja alikuwa mfagizi katika ofisi ya serikali. Walipokuwa wakisoma kitabu cha makadirio ya matumizi ya serikali, mfagizi akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Viti tena? Vya mwaka jana viko koridoni, bado vina nailoni. Mimi ndiye ninayevipangusa vumbi."

Siku ya kamati walikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti alisoma barua yao, akashusha pumzi.

"Mama, tukiongeza matumizi mizani itayumba."

"Hatuongezi, mheshimiwa. Tunahamisha. Toa kwenye viti, weka kwenye uhamisho. Jumla ni ileile. Anayebisha, mwenzetu huyu atampeleka koridoni akavihesabu."

Watu wakacheka. Lakini kazi haikuishia kwenye kicheko. Upande mmoja ulitaka fungu la viti lifutwe. Upande wa pili ulitaka libaki lote. Walivutana siku tatu, na siku zote tatu wale kumi na wawili walikuwepo, wakitazama nani anasema nini. Mwishoni wakapatana nusu kwa nusu. Waliokaa mbali zaidi ya miaka mitatu wangerudi kwanza. Wengine wangefuata mwaka ujao.

Mume alirudi na begi moja. Fundi alimpakulia, akakaa kumtazama akila. Aliogopa hata kupepesa macho.

"Zahanati umemwachia nani?" aliuliza baadaye.

"Mpima damu mpya. Amefunga ndoa juzi tu."

"Nipe namba ya mkewe."

"Leo hii? Mama watoto, si tupumzike kwanza?"

Fundi alikuwa ameshainuka kutafuta simu. Sauti changa ikapokea.

"Mwanangu, hunijui. Mume wako amechukua nafasi ya wangu. Wamekwambia atarudi lini?"

"Wamesema tusubiri bajeti, mama."

Fundi akafumba macho kidogo.

"Usisubiri," alisema. "Chukua kalamu."